Mzaha Uliovaa Kanzu ya Elimu



Miongoni mwa maswali ambayo vijana huyaleta mbele ya walimu wao ni hili: je, mtu akiandika uongo kwa nia ya kuchekesha, na kila msomaji akajua kuwa ni mzaha, huyo ameongopa? Swali lenyewe ni la kale. Imepokewa kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, onyo kali dhidi ya mwenye kusema uongo ili watu wacheke. Na imepokewa vilevile kwamba yeye mwenyewe alikuwa akifanya mzaha na masahaba zake, wala katika mzaha wake hakutoka nje ya kweli. Baina ya mapokezi haya mawili wanavyuoni wamezungumza kwa karne nyingi.

Swali hili limepata sura mpya tangu zilipotokea katika intaneti kamusi elezo za dhihaka, yaani ensaiklopidia zinazoandikwa kwa makusudi ya kueleza yasiyokuwa. Humo miungu ya Wayunani wa kale, wafalme, waimbaji, mashujaa wa sinema na miji ya watu huelezwa kwa lugha nzito ya kitaalamu, na karibu yote yanayoelezwa ni upuuzi. Wako wanaozikataza moja kwa moja, na wako wanaosema si kitu. Kabla ya kuhukumu yatupasa tukijue kitu chenyewe, kwani hukumu juu ya jambo ni tawi la kulifahamu.

Mtani wa Wikipedia

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Ni ensaiklopidia ambayo mtu yeyote aweza kuiandika na kuisahihisha. Toleo lake la Kiswahili, lililoanza mwaka 2003, linajiita kamusi elezo huru. Miaka minne baada ya kuzaliwa Wikipedia, mwezi Januari 2005, Jonathan Huang na mwenzake walianzisha Uncyclopedia, kitabu chenye umbo lilelile na nia iliyo kinyume chake.

Kwa msomaji wa Tanzania, neno lililo karibu zaidi na jambo hili ni utani. Mtani humwigiza mwenzake, humcheka mavazi yake na mwendo wake, naye hakasiriki. Nembo ya Wikipedia ni tufe lililoungwa kwa vipande vyenye herufi za lugha mbalimbali, na juu pameachwa pengo kuonyesha kwamba elimu haijakamilika. Nembo ya Uncyclopedia ni kiazi, nacho kimegawanywa vipande vivyo hivyo, na ndani kina uwazi. Wikipedia hujiita ensaiklopidia huru. Mtani wake akalichezea neno la Kiingereza lenye kubeba maana ya huru na pia maana ya kukosa kitu, akajiita ensaiklopidia isiyo na chochote ndani.

Makala zake zina kila pambo la elimu: utangulizi, vichwa vidogo, picha zenye maelezo, marejeo, na nukuu za watu mashuhuri. Nukuu hizo aghalabu husingiziwa Oscar Wilde, mwandishi wa Ireland aliyefariki mwaka 1900, naye hutolewa maoni juu ya mambo yaliyozuka miaka mia moja baada ya kuzikwa kwake. Iko makala mashuhuri ambayo maandishi yake ni herufi A tu, ikirudiwa na kurudiwa. Hata hivyo si kila upuuzi hupokelewa. Waandishi wapya huelekezwa kwenye mwongozo ambao jina lake, tukilitia katika lugha yetu, ni namna ya kuchekesha pasipo kuwa mpumbavu tu. Humo hufundishwa kwamba matusi si kichekesho, na kwamba mzaha mzuri hujengwa juu ya ukweli unaojulikana, kisha ukapindwa.

Hapa ndipo penye siri ya kitabu hicho. Kinachochekwa mara nyingi si Zeus wala mwimbaji fulani. Kinachochekwa ni sauti yenyewe ya ensaiklopidia: ile sauti tulivu, isiyo na mwenyewe, inayotamka kila jambo kana kwamba halina shaka. Mtani huichukua sauti ile na kuitamkisha jambo la kipuuzi kabisa, na msomaji huchekeshwa kwa kuona jinsi upuuzi unavyopata heshima mara tu uvishwapo nguo za kitaalamu.

Mzaha huu ulienea upesi. Wataliano wana Nonciclopedia, Wafaransa wana Désencyclopédie, wasemaji wa Kireno wana Desciclopédia, na Wajerumani wana Stupidedia. Uncyclopedia yenyewe iliingia chini ya kampuni ya Wikia mwaka 2006. Januari 2013 kundi la waandishi wake lilijitenga na kuhamia kwingine. Na mwaka 2019 kampuni hiyo, ambayo wakati huo ilikwisha kujiita Fandom, iliyafunga makao yaliyobaki kwake. Kiazi hakikuoza. Waandishi walihama nacho.

Miungu ya kale na nyota wa leo

Asidhani mtu kwamba desturi hii imezaliwa na kompyuta. Wayunani wa kale walikuwa na utenzi wa vita baina ya vyura na panya, ambamo wanyama hao huvaa silaha na kutamba kama mashujaa wa Homer. Katika karne ya 2 ya zama hizi alitokea Lucian, mtu wa Samosata kando ya mto Furati, aliyeandika mazungumzo ya miungu, akimwonyesha Zeus akigombana na mkewe kama watu wa nyumba yoyote. Lucian huyohuyo aliandika kitabu alichokiita Hadithi ya Kweli, chenye safari ya mwezini na nyangumi aliyemeza merikebu nzima. Mwanzoni mwa kitabu alimtahadharisha msomaji kwamba jambo moja tu la kweli atakalolisema ni kuwa anasema uongo. Na katika kisiwa cha waovu aliwaweka wanahistoria waliosimulia wasiyoyaona, Herodotus akiwa miongoni mwao, wakiadhibiwa. Kwa hiyo mwongo aliyejitangaza kuwa mwongo aliwahukumu wale ambao, kwa maoni yake, hawakujitangaza.

Kwa nini basi hadithi za miungu ya kale na mambo ya sinema na muziki ndizo zipendwazo zaidi na waandishi wa dhihaka? Kwa sababu vitu viwili hivi vimekaribiana kuliko tunavyodhani. Nyota wa sinema ana visa, maadui, nasaba na wafuasi, kama alivyokuwa navyo mungu wa Wayunani. Thor, mungu wa radi wa watu wa kale wa Skandinavia, aliingizwa katika vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel mwaka 1962, na filamu yake ikatoka mwaka 2011. Ukimuuliza kijana wa leo Loki ni nani, atakujibu kuwa ni ndugu wa Thor wa kulelewa. Hivyo ndivyo isemavyo filamu. Katika masimulizi ya kale, Loki alifungamana kwa udugu wa damu na Odin, baba yake Thor. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Hadithi ya burudani imekalia kiti cha hadithi ya kale, na wengi hawajui kwamba kiti kilikuwa na mwenyewe.

Tena ziko ensaiklopidia ambazo hazitanii hata kidogo, ilhali zote zahusu yasiyokuwepo. Memory Alpha, iliyoanza mwaka 2003, hueleza ulimwengu wa tamthilia za Star Trek. Wookieepedia, iliyoanza mwaka 2005, hueleza ulimwengu wa filamu za Star Wars. Humo utakuta sayari, vita na nasaba za watu ambao hawakuwahi kuishi, kwa umakini unaoshinda ule wa baadhi ya vitabu vya historia. Hakuna awaitaye waandishi hao waongo, kwa sababu kila mmoja ajua yuko nyumbani kwa nani. Jambo hili, ndugu msomaji, ulishike, kwani ndilo ufunguo wa makala hii.

Ibn al-Jawzi na vitabu vyake viwili

Katika urithi wetu wa Kiislamu mzaha ulikuwa na mahali pake, nao haukuwa mahali pa watu duni. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 868, aliandika kitabu kizima juu ya mabahili. Al-Khatib al-Baghdadi, mwanahadithi mkubwa na mwanahistoria wa Baghdad aliyefariki mwaka 1071, aliandika kitabu juu ya wadoezi wa karamu, na visa vyao akavitolea isnadi, fulani kutoka kwa fulani, kama zitolewavyo habari nzito. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga maqama 50 ambamo Abu Zayd wa Saruj huwalaghai watu kwa ufasaha wake, leo akiwa mwombaji, kesho mhubiri. Al-Hariri alijua kuwa atalaumiwa kwa kusimulia yasiyotokea. Katika utangulizi wake alijitetea kwa kuvilinganisha visa vyake na hekaya za wanyama wasemao, ambazo watu wenye elimu walizisikiliza bila ya kuzikataa.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote ni Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Kihanbali wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201. Mtu huyu alitunga kitabu cha habari za wapumbavu na walioghafilika, kilichojaa vichekesho. Na hakuwacheka watu wa sokoni pekee, bali aliwafungulia milango wasomaji wa Qur'ani walioghafilika, wapokezi wa hadithi walioghafilika, na makadhi walioghafilika. Yaani aliwacheka watu wa fani yake mwenyewe. Na mtu huyohuyo, kwa kalamu hiyohiyo, alitunga kitabu mashuhuri cha Al-Mawdu'at, alimokusanya hadithi za kuzuliwa alizosingiziwa Mtume, akizifichua moja baada ya moja, bila ya huruma kwa wazushi wake.

Je, alijipinga? La. Kisa cha mpumbavu kilichowekwa katika kitabu cha vichekesho hakimpotezi mtu. Msomaji amekwisha kuambiwa mlangoni ni nyumba gani aingiayo. Uzushi uliowekwa katika kapu la hadithi za Mtume humpoteza hata mchaji Mungu, kwa sababu umevaa nguo zisizo zake. Ibn al-Jawzi aliucheka upumbavu na kuupiga vita uzushi, na kilichovitenganisha viwili hivyo kilikuwa ni alama ya mlangoni.

Mzaha ulipohama nyumba

Tuutazame sasa mwaka 2005, ule uliozaliwa Uncyclopedia. Mwezi Mei mwaka huo watu wawili tofauti walifanya mzaha; hawakuufanya katika nyumba ya mzaha, waliufanya ndani ya Wikipedia yenyewe.

Wa kwanza aliandika makala juu ya John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani mwenye umri mkubwa, ambaye katika ujana wake aliwahi kumsaidia Robert Kennedy kazi. Makala ilidai kuwa mzee huyo alishukiwa kuhusika katika mauaji ya Kennedy na ya kaka yake, Rais John Kennedy. Yalikuwa ni maneno matupu, na mwandishi wake alikuja kukiri kuwa alikusudia kumtania mwenzake kazini. Yalikaa pale zaidi ya miezi minne. Mzee alilazimika kujitetea hadharani gazetini, akiwa na miaka 78, dhidi ya tuhuma ya kushiriki katika mauaji ya mtu aliyekuwa rafiki yake. Baada ya kadhia hiyo Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya.

Wa pili, huko Australia, aliandika mistari michache juu ya mungu aitwaye Jar'Edo Wens. Alieleza kuwa ni mungu wa wenyeji wa asili wa Australia, mwenye kusimamia elimu ya dunia na nguvu za mwili. Jina hilo, likisomwa upesi, ni Jared Owens, jina la Kizungu lililovurugwa kidogo. Mungu huyo wa kutungwa alikaa katika Wikipedia tangu Mei 2005 hadi Machi 2015, karibu miaka 10. Akaingizwa katika orodha za miungu ya wenyeji wale, tovuti nyingine zikamnakili, na mwaka 2012 akatokea katika kitabu cha mwanafalsafa mmoja wa Marekani, amepangwa pamoja na miungu mingine ambayo watu waliiabudu.

Haya si jambo dogo. Wenyeji wa asili wa Australia ni watu walionyang'anywa ardhi na kudharauliwa lugha zao, na mengi ya masimulizi yao hupokewa kwa vinywa vya wazee. Mtu akizua mungu wa Wayunani, maelfu ya maprofesa watamkamata kabla ya adhuhuri. Akiwazulia mungu watu ambao vitabu juu yao ni vichache, uzushi utakaa miaka 10, na mwisho wake ndio utakaokuwa rejea juu yao.

Tena tazama lile lisilokuwa na sanad. Makala ile haikuwa na marejeo ya maana. Hakuna aliyeuliza swali ambalo mwanafunzi wa hadithi hufundishwa kuliuliza mwanzo: umelipata kwa nani, naye kwa nani? Na ilipokwisha kunakiliwa huku na huku, watu walidhani kuwa habari imethibiti kwa kuwa imetoka pande nyingi. Wanachuoni wa hadithi waliujua mtego huu zamani. Habari haiwi mutawatir kwa wingi wa watu wanaoirudia, ikiwa wote wameichota kwa mtu mmoja. Njia mia zinazorejea kwenye kisima kimoja ni kisima kimoja.

Wala urefu na uzuri wa makala si dhamana. Mwaka 2007 iliandikwa katika Wikipedia makala ndefu juu ya vita vya Bicholim, vilivyodaiwa kupiganwa mwaka 1640 na 1641 baina ya Wareno wa Goa na dola ya Maratha ya Uhindi. Ilikuwa na maneno yapatayo 4,500 na marejeo ya vitabu; ikapewa hata cheo cha makala nzuri. Mwishoni mwa mwaka 2012 ilibainika kuwa vita havikuwahi kuwepo, na vitabu vilivyotajwa navyo havikupatikana. Mzushi alikuwa ametunga matn na sanad vyote viwili.

Kwa insafu, uko pia mzaha ulioingia katika nyumba ya kweli na usidhuru. Mchekeshaji wa Kijerumani Loriot alibuni mwaka 1976, katika televisheni, mdudu mdogo alaye mawe. Mwaka 1983 kamusi ya tiba ya Pschyrembel, inayotegemewa na madaktari wa Ujerumani, ikamwingiza chawa huyo wa mawe pamoja na maelezo ya kitabibu. Walipomwondoa mwaka 1994 wasomaji walilalamika, na mwaka 1997 akarudishwa. Hakuna mgonjwa aliyetibiwa chawa wa mawe, kwa sababu wasomaji wa kamusi ile walimjua ni nani na alitoka wapi. Alama ilikuwa katika elimu yao.

Aliyekubali sufuria kuzaa

Watu wa pwani yetu wanamjua Abunuwasi. Jina lake ni la mshairi wa zama za Harun al-Rashid, lakini vinywa vya wasimulizi vimemfanya mjanja wa hekaya zisizo na idadi. Katika mojawapo aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria ndani yake, akisema imezaa. Jirani akafurahi na kupokea. Alipoazima tena hakuirudisha, akasema imekufa. Jirani alipofoka kwamba sufuria haifi, aliulizwa mbona alikubali kuwa huzaa.

Kisa hiki chatufundisha ni nani hasa adanganywaye na dhihaka. Mwezi Septemba 2012 shirika la habari la Fars la Iran lilichapisha habari ya uchunguzi wa maoni uliodaiwa kuonyesha kuwa wazungu wa mashambani huko Marekani wanampenda zaidi Mahmoud Ahmadinejad kuliko Barack Obama. Chanzo kilikuwa ni The Onion, gazeti la dhihaka lililoanzishwa mwaka 1988 katika jimbo la Wisconsin. Shirika likaomba radhi. Miezi miwili baadaye mtandao wa gazeti la chama tawala la China ukalichukua kwa dhati tangazo la The Onion kwamba Kim Jong-un wa Korea Kaskazini ndiye mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani, ukaambatisha picha zake zaidi ya 50. Kila mmoja alikubali sufuria kuzaa kwa sababu alikipenda kisufuria.

Kwa upande mwingine wako wanaochukua mzaha kwa uzito kwa sababu umewauma. Mwezi Januari 2008 wizara ya usalama wa ndani ya Malaysia iliwaandikia wahariri wa magazeti kuwatahadharisha juu ya makala ya Uncyclopedia kuhusu nchi hiyo, ikisema kuwa ina uongo na matusi. Ni haki ya watu kuichukia dhihaka juu ya nchi yao. Lakini kuitahadharisha nchi kwamba kitabu cha uongo kina uongo ni kukipa cheo ambacho chenyewe hakikukidai.

Siku hizi amezuka msomaji wa namna ya tatu, ambaye hapendi wala hachukii: mashine. Programu za akili bandia hulishwa maandishi kwa wingi usiohesabika, ya kweli na ya mzaha kwa pamoja. Mwezi Mei 2024 kampuni ya Google ilipoanza kuwapa watu wa Marekani majibu yaliyotungwa na akili bandia, aliyeuliza juu ya kula mawe alijibiwa kwamba inafaa kula walau jiwe moja dogo kwa siku. Chanzo kilikuwa ni The Onion. Aliyeuliza namna ya kuzuia jibini isitoke juu ya piza alishauriwa atie gundi, na chanzo kilikuwa ni mzaha wa mtu mmoja wa miaka mingi nyuma. Mzaha ulitoka nyumbani kwake ukiwa na kiazi chake mlangoni. Mashine ikauvua alama, ikaurudisha kwa watu katika ile sauti tulivu isiyo na shaka. Mtani aliigiza sauti ya mwanachuoni ili tucheke, na sasa sauti ileile inatusomea maneno ya mtani ili tuamini.

Nani anachekwa?

Alama ya mlangoni peke yake haitoshi. Yapo matusi yasiyokuwa na shaka kuwa ni mzaha, na bado ni dhulma. Encyclopedia Dramatica, iliyoanza mwaka 2004, nayo ilijiita ya kuchekesha. Lakini kazi yake ikawa ni kuwatweza watu binafsi, waliofiwa na wanyonge. Mwezi Januari 2010, baada ya malalamiko, Google ilikubali kuondoa katika matokeo yake ya utafutaji huko Australia kiungo cha makala yake iliyowatukana wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Walewale waliozuliwa mungu na mmoja, walitukanwa na mwingine. Mwezi Aprili 2011 wenyewe waliifunga, ingawa nakala zake ziliibuka kwingine. Linganisha na kisa cha Nonciclopedia. Mwimbaji mashuhuri wa Italia, Vasco Rossi, aliishtaki kwa kumvunjia heshima. Oktoba 2011 waandishi wakaifunga kwa kupinga. Watu wakapiga kelele, na baada ya siku chache mwimbaji akaondoa malalamiko yake. Nyota aliyejaza viwanja ana sauti ya kujibu. Mnyonge hana.

Na dhihaka juu ya itikadi za watu je? Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Anbiyaa, yatusimulia kisa cha Nabii Ibrahim, amani imshukie, aliyeyavunja masanamu akaliacha kubwa lao, kisha akawaambia watu wake waliulize hilo kubwa kama laweza kusema. Hiyo ni kejeli kali, lakini tazama shabaha yake: aliipiga hoja, ili wenye masanamu wajirudie nafsi zao, na aliisema mbele yao huku akikabili moto. Na katika Sura ya Al-An'am, aya ya 108, Waislamu wamekatazwa kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui bila ya elimu. Hoja imeruhusiwa, na tusi limezuiwa. Na ambaye hapendi Mtume wake afanyiwe mzaha, asiwachekelee wanaowafanyia mzaha mitume wa wenziwe. Ama Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 11, imekataza watu kuwadharau watu, kwani huenda wadharauliwao wakawa bora.

Natija kwa msomaji wa Kiswahili

Tukirejea kwenye swali la vijana, nionavyo mimi ni haya. Mzaha unaojitangaza, unaoupiga upumbavu na majivuno ya elimu, usiomdhulumu mtu wala kuyatia mkono matukufu, uko karibu na kazi ya Al-Hariri kuliko na uongo uliolaaniwa. Mzaha uliofichwa katika kitabu cha kweli ni uzushi, hata aliyeuandika akicheka. Na ubaya wake huongezeka kadiri wanaozuliwa wanavyokuwa na watetezi wachache. Na anayenakili bila ya kuuliza ni mshirika, awe mtu au mwenye mashine.

Jambo hili latugusa sisi tusemao Kiswahili kuliko tunavyodhani. Maandishi ya lugha yetu katika intaneti ni machache yakilinganishwa na ya Kiingereza, na wasahihishaji ni wachache zaidi. Hebu fikiri mtu akiongeza leo katika kamusi elezo huru mke wa nne wa Fumo Liyongo, au vita ambavyo watu wa Pate hawakuvipigana, kwa Kiswahili fasaha na marejeo ya kubuni. Wataalamu hata sasa hawajakubaliana juu ya karne aliyoishi Liyongo. Nani atasimama kusema huyu mke hatumjui? Atakuwa ni bibi mmoja wa Lamu au mzee wa Siyu ambaye pengine hatumii kompyuta. Na mashine itakayokuwa imekwisha kuyasoma itawafundisha wajukuu wao.

Kwa hiyo mwalimu wa madrasa na mwalimu wa sekondari wana kazi moja hapa. Wamzoeze kijana kuuliza, kabla ya kunakili: nani amesema, ameipata wapi, na je, wasemao ni wengi au ni mmoja anayerudiwa? Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 6, iliamrisha kuihakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Wazazi nao wasikasirike wakimkuta mtoto akicheka mbele ya kitabu cha dhihaka. Wamuulize anacheka nini. Anayeweza kueleza mzaha ulipo, huyo amekwisha kujua ukweli ulipo. Wa kuhofiwa ni yule aliyesoma ukurasa huohuo bila ya kucheka, akaufunga, akaenda kuwafundisha wenzake.

Na wazee wetu wenye habari za miji na koo zao, tuwaendee tuziandike wangali hai, pamoja na majina ya waliowapa.

Wabillahi tawfiq.